Hilo "gari la bure" la ADHD lilikuwa paundi 29 na peni 20 kwa wiki

Tangu Novemba 2025, Motability, ule mpango wa kuwakodishia magari watu wenye ulemavu, ilipotangaza kwamba inaondoa BMW, Mercedes, Audi, Lexus na Alfa Romeo kwenye orodha ya magari yake, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Uingereza yamejaa maneno ya aina moja, eti kumbe wenye watoto wa ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kujizuia na kuzingatia) walikuwa wanagawiwa magari ya bure na sasa serikali imewashtukia. Dada mmoja ninayemfahamu, mwanawe ana miaka 8 na ana ADHD, aliulizwa kwenye harusi mbele za watu "la kwenu lilikuwa rangi gani?" akacheka tu, kesho yake akaniambia ile fomu ya kumwombea mtoto posho ya ulemavu, DLA, aliyokuwa ameanza kuijaza ameitia kabatini maana hataki kuonekana mwizi. Naandika kwa sababu ya hiyo fomu. Msimamo wangu ni kwamba msaada ambao watoto wengi wa ADHD wanaupata upande wa mwendo hauna gari ndani yake, unahusu barabara, yaani mtu mzima kulazimika kuwa ubavuni mwa mtoto katika umri ambao wenzake wameshaachiwa mkono, na kwa vile tumeufanya kuwa stori ya magari, wazazi wenye haki wanaogopa kuomba, wengine wanaomba wakieleza mambo ambayo hawakuulizwa, na mtoto anabaki palepale ukingoni mwa lami.

Tuanze na DLA (Disability Living Allowance) yenyewe maana wengi wanaitaja bila kuijua. Ni posho ya serikali kwa mtoto mwenye ulemavu aliye chini ya miaka 16, kwa England, Wales na Northern Ireland, Scotland wao tangu 2021 wana ya kwao inaitwa Child Disability Payment ambayo inafanana nayo kwa mengi. Haiangalii mshahara wa mzazi na haitolewi kwa jina la ugonjwa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ADHD ni paundi kadhaa na pumu ni kadhaa. Kinachoangaliwa ni mtoto huyu anahitaji kusaidiwa au kuangaliwa kiasi gani kuliko mtoto mwingine wa umri uleule, na hali hiyo iwe imeshakuwepo miezi 3 na inatarajiwa kuendelea miezi 6 mingine. Ina sehemu mbili. Ya matunzo ina ngazi tatu, kwa mwaka 2025/26 zilikuwa paundi 29.20, 73.90 au 110.40 kwa wiki. Ya mwendo, ambayo wao wanaiita mobility, ina ngazi mbili tu, mwaka huo ya juu ilikuwa 77.05 na ya chini 29.20. Ya juu inaweza kuanza mtoto akiwa na miaka 3, ya chini inasubiri afike 5, na ukifikiria utaona mantiki yake, mtoto wa miaka 3 kila mtu anamshika mkono barabarani, kwa hiyo huwezi kusema wako anaangaliwa zaidi ya wenzake.

Sasa gari la Motability linapatikana kwa ngazi ya juu tu, na hata hapo sio bure kwa maana ya kugawiwa, ile posho ya juu ya kila wiki, mara nyingi yote, inakwenda kulipia ukodishaji wa gari kwa miaka 3 hivi, ambayo kwa 77.05 ni zaidi ya paundi 4,000 kwa mwaka, na ukitaka gari la bei unaongeza za mfukoni mwako, hizo BMW zilizopigiwa kelele zilikuwa zinaongezewa hivyo. Mtoto anaweza kuipata ngazi ya juu kama hawezi kutembea au anatembea kwa shida kubwa sana, na ipo njia nyingine ya watoto wanaotembea vizuri tu ila wana udhaifu mkubwa wa akili na tabia, lakini tazama masharti yake: ubongo uwe haukukua kikamilifu, akili na uwezo wa kuishi na watu viwe vimeathirika vibaya, tabia iwe ya kumlazimu mtu mwingine kumshika na kumzuia kwa nguvu mara kwa mara, awe hatabiriki kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwangalia muda wote akiwa macho, na juu ya yote hayo awe anapata ile ngazi ya juu kabisa ya matunzo. Masharti yote kwa pamoja, sio uchague moja. Mahakama ya Rufaa mwaka 1999, kwenye kesi ya mtoto mwenye usonji, ilishasema kipimo cha IQ peke yake sio neno la mwisho, lakini hata hivyo mtoto mwenye ADHD peke yake, anayesoma shule ya kawaida na hesabu anazipata, kwenye huo mlango hapiti. Wanaopita mara nyingi wana usonji mzito au ulemavu mwingine wa akili pamoja na ADHD. Kuna watu wazima wenye ADHD wanaopata PIP (posho ya ulemavu ya kuanzia miaka 16) ya ngazi ya juu na wanaingia Motability, hao wapo, ila tunaongelea watoto hapa na watu wamechanganya mafaili mawili.

Kwa hiyo mtoto wa ADHD akipata kitu upande wa mwendo, kwa kawaida ni ile ngazi ya chini. Kigezo chake kwenye sheria ya 1992 kimekaa kwa namna nyepesi kabisa kuielewa: anaweza kutembea, lakini akiwa nje kwenye njia asizozizoea anahitaji mtu wa kumwongoza au kumwangalia muda mwingi, na kuangaliwa huko kuwe kwingi kuliko kwa mtoto wa umri wake. Kwenye fomu utakuta visanduku, anaweza kutembea salama pembeni ya barabara yenye magari mengi? anaweza kuvuka barabara salama? anaelewa hatari za kawaida za nje? Hakuna swali la gari hapo. Ukigawa kwa siku ni kama paundi 4 na peni kidogo, nauli ya basi ya mama na mtoto, au kupunguza saa moja ya kazi ili uwahi kumchukua getini.

Na hili la kuvuka barabara sio la kubuni. Mwaka 2011 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham ya Marekani, watoto 78 wa miaka 7 mpaka 10, nusu wana ADHD na nusu hawana, wakawekwa kwenye barabara ya kompyuta wavuke. Kilichonishika mimi ni kwamba pale ukingoni watoto wa ADHD walifanya kila kitu sawa na wenzao, walitazama kulia na kushoto kama walivyofundishwa. Tatizo lilikuja kwenye kuamua. Walichagua nafasi finyu zaidi kati ya gari na gari, wakafika ng'ambo wakiwa wamebakiza muda mdogo kabla gari halijapita. Watafiti wakaeleza kwamba kilichopungua ni ile kazi ya ubongo ya kupanga, kujizuia na kukadiria, macho yao yalikuwa yameona vizuri tu. Sasa rudi kwenye ule wimbo wetu wa tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, tuliofundishwa sisi Tanzania na Kenya na unaofundishwa huku pia maana wote magari yetu yanapita kushoto: mtoto wa ADHD anaweza kuuimba wote, akatazama pande zote kweli, akapata mia kwa mia darasani, halafu akaingia mbele ya basi. Ndio maana mzazi anasema "lakini anajua!" na afisa anaandika kwenye faili kwamba mtoto anajua sheria za barabara, wote wawili wanasema kweli na hakuna aliyejibu swali lililoulizwa.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ndiyo dhaifu kuliko zote lakini ndiyo inayosikika zaidi kwetu, kwamba huo ni utundu, mtoto hajachapwa vizuri, sisi tulikimbia barabarani tukiwa wadogo na tumekua. Kwanza, tuliokua ndio tunaoongea, wale wengine hawawezi kuja kwenye grupu kujibu. Shirika la Afya Duniani kila ripoti linarudia kwamba ajali za barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo kwa watu wa miaka 5 hadi 29, watu milioni 1.19 wa kila umri kwa mwaka kwa ripoti ya 2023, na Afrika ndiko hali ilipo mbaya kwa kulinganisha na idadi ya watu. Pili, nyumbani mtoto mtukutu haangaliwi na mama peke yake, kuna dada, kuna shangazi, kuna muuza genge pale kona anayepiga kelele "wewe mtoto rudi huku!" hata kama hakujui jina, kwa hiyo ile kazi ya kumwangalia ilikuwa inafanyika, ila imegawanywa kwa watu kumi na hakuna aliyeihesabu. Ukihamia Leicester au Reading watu wote kumi wanabaki kuwa mmoja, na huyo mmoja ana shifti. Tatu, na hili ndilo la kisheria, swali la utundu limeshaulizwa ndani ya kigezo chenyewe, mtoto mtundu wa kawaida wa miaka 8 analinganishwa na watoto wa miaka 8, asipowazidi kwa kiasi kikubwa hapati kitu. Kiboko kinaweza kumfanya akuogope wewe, ila hakimwongezei uwezo wa kukadiria gari linalokuja kwa maili 30 kwa saa.

Hoja ya pili ni nzito na siwezi kuipuuza. Wanasema hela haizuii gari. Ukimpa mama paundi 29 hujajenga tuta wala hujaweka kivuko, tengeneza barabara watoto wote wapone, wa ADHD na wasio na ADHD. Ni kweli, na ushahidi upo mpaka kwetu: Dar es Salaam shirika la Amend lilianza mradi wa SARSAI wa kuzunguka shule za msingi na kuweka njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari, vitu vya bei ndogo tu, na mwaka 2019 mradi ukashinda tuzo ya WRI Ross Prize for Cities dhidi ya miradi mikubwa ya dunia. Wales nao Septemba 2023 walishusha mwendo wa kawaida mitaani kutoka maili 30 mpaka 20 kwa saa, wakatukanwa sana, lakini kwa mtoto anayekosea kukadiria hizo maili 10 ndio muda waliokuwa wameukosa watoto wa ule utafiti wa Alabama. Mimi ningesema kama ni kuchagua kimoja kwa nchi nzima, chagua barabara. Ila haya mawili hayagombanii mfuko mmoja, barabara ni ya kaunsili na serikali za maeneo, DLA ni ya wizara ya kazi na pensheni, na mama hawezi kumwambia mtoto asubiri tuta lijengwe 2031 ndipo aende shule. Tena kigezo kinazungumzia njia asizozizoea, huwezi kuweka tuta kila mahali mtoto atakapokwenda kumtembelea bibi yake.

Kuna hii ya tatu, kwamba wanaopimwa na kukutwa na ADHD wameongezeka mno na posho ndizo zinazowavuta. Desemba 2025 waziri wa afya wa wakati huo Wes Streeting alitangaza tathmini huru ya mahitaji ya afya ya akili, ADHD na usonji, kwa hiyo sio maneno ya vijiweni tu, serikali yenyewe inauliza. Nakubali kuongezeka kunahitaji kuelezwa. Lakini kama posho haitolewi kwa jina la ugonjwa, basi cheti cha ADHD hakikupi hela, na kinyume chake mtoto anayesubiri foleni ya kupimwa mwaka au miwili anaweza kuomba hata kabla ya cheti kama mahitaji yanaonekana na kuna mwalimu au daktari anayeyathibitisha. Hatari ninayoiona ni kwamba watunga sera watachoka na kelele, waandike kwamba ADHD nje, wakate kwa jina la ugonjwa, wakati uzuri wa utaratibu uliopo ni kwamba haujali jina. Wakitaka kubana wabane maswali, waulize vizuri zaidi kuhusu barabara, hapo wasiostahili wataanguka wenyewe.

Kuhusu dawa nisiseme mengi. Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi ya hapa inayotoa miongozo ya matibabu, unaziruhusu kuanzia miaka 5, baada ya mazingira ya mtoto kurekebishwa kwanza, na zinawasaidia wengi. Ila afisa akiandika "anatumia dawa kwa hiyo hahitaji kuangaliwa" muulize anameza saa ngapi. Methylphenidate, mojawapo ya dawa hizo, ile ya kawaida inafanya kazi saa 3 au 4, zile za kuachia polepole zinakwenda saa 8 mpaka 12 kutegemea aina, na shule inatoka saa 9 na robo alasiri, mtoto ameketi siku nzima, dawa inaisha, mabasi yamejaa, na madirisha ya magari yana marafiki wanaompungia mkono.

Nije kwenye jambo ambalo linatuhusu sisi zaidi ya wenyeji na halizungumzwi. Ndugu zetu wengi waliokuja kwa viza za kazi za uangalizi wana sharti la kutogusa public funds, yaani orodha ya posho na misaada ya serikali, na DLA imo kwenye orodha hiyo, ukiidai kwa mtoto mwenye sharti hilo unaweza kuharibu viza, kwa hiyo msimsikilize mtu wa grupu anayesema "jaza tu", nenda kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Mtoto wa zaidi ya miaka 3 anatakiwa pia awe ameishi hapa miezi 6 kati ya 12 iliyopita. Lakini watu hawajui kwamba kuna misaada ya barabara ambayo haimo kwenye orodha hiyo. Blue Badge, kile kibali cha maegesho cha wenye ulemavu, haimo. Tangu tarehe 30 Agosti 2019 England inaangalia na ulemavu usioonekana, mojawapo ya vigezo ni kama safari yenyewe inaleta hatari kubwa kwa usalama wa mtoto au wa mtu mwingine, kaunsili ndiyo inaamua, ada haizidi paundi 10, na maana yake kwa mzazi ni kupaki karibu na mlango badala ya kumvusha mtoto maegesho mazima. Usafiri wa shule nao haumo. Sheria ya England inasema kaunsili impe usafiri wa bure mtoto wa chini ya miaka 8 anayekaa zaidi ya maili 2 na wa miaka 8 na kuendelea zaidi ya maili 3, ila kama ulemavu wake unamfanya asiweze kutegemewa kutembea, zile maili hazihesabiwi, hata kama shule iko nusu maili. Watakuuliza kwa nini usimsindikize wewe, na wana haki ya kuuliza, basi waeleze una wadogo wangapi, shifti inaanza saa ngapi, na kwamba ukimshika mkono anachomoka.

Kwenye fomu yenyewe, nimesoma za watu watatu wanne walioniomba niwasaidie Kiingereza, na kosa ni moja. Wanaandika kurasa nzima kwamba mtoto hatulii darasani, anapoteza viatu, analala saa 6 usiku, halafu wakifika swali la barabara wanaandika "hana nidhamu ya barabara" mstari mmoja. Baadhi ya hayo yanasaidia upande wa matunzo, sawa, lakini upande wa mwendo afisa anataka kuona tukio. Andika tarehe, andika barabara gani, andika alimuona mbwa ng'ambo akachomoka mkononi na gari likapiga breki, andika mdogo wake wa miaka 6 alibaki amesimama ukingoni anasubiri, maana huyo mdogo ndio kile kipimo cha "zaidi ya wenzake" kimekaa mbele ya macho. Andika ni mara ngapi kwa wiki. Mwalimu aliyekwenda naye safari ya makumbusho na ikabidi apewe mtu wake peke yake, barua yake ina uzito kuliko ya daktari aliyemuona dakika 10 chumbani. Wakikataa una mwezi mmoja wa kuomba waangalie tena, wakikataa tena unakwenda kwenye baraza la rufaa. Na fomu iombe kwa simu, usiipakue mtandaoni, kwa sababu ukiomba kwa simu siku ya kulipwa inahesabiwa tangu siku uliyopiga, mradi uirudishe ndani ya wiki 6.

Kinachonishangaza kwenye kelele hizi za magari ni kwamba hakuna anayeuliza gari la kweli litakuja lini. Mtoto akifika miaka 16 DLA inakwisha, anahamia PIP ambayo maswali yake ni mengine kabisa, na PIP yenyewe iliwekwa mezani 2025 kwenye tathmini ya Stephen Timms, waziri wa ulemavu wa wakati huo. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na 17, anaruhusiwa kushika usukani wa gari. DVLA, wakala wa leseni za udereva, inataka iarifiwe kama ADHD inaathiri uendeshaji wake, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2017 ulikuta kwamba miezi ambayo wenye ADHD walikuwa kwenye dawa, hatari ya ajali za magari ilikuwa chini kwa asilimia 38 kwa wanaume na 42 kwa wanawake, kuliko miezi ambayo hawakuwa kwenye dawa. Yaani yuleyule anayekadiria vibaya nafasi kati ya gari na gari akiwa kwa miguu, baada ya miaka 9 atakuwa anaikadiria akiwa ndani, na hiyo miaka 9 ndiyo ya kumfundishia, kwa kutembea naye barabara zilezile, mara mia, mtu mzima akiwa ubavuni.

Fomu ya yule dada aliiomba kwa simu. Wiki 6 zinahesabika, na bado iko kabatini.